Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Wana wa Tanga, fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wasomaji wengi huiruka, maana imejaa majina: fulani mwana wa fulani alitengeneza hapa, baada yake fulani akatengeneza pale. Leo msiiruke. Mtamkuta Uzieli mfua dhahabu yumo kazini. Mtamkuta Hanania, mtu wa manukato, naye yumo. Mtamkuta Shalumu, mkuu wa nusu ya mji, amekuja na binti zake. Mtamkuta Malkiya, mtawala wa wilaya nzima, akitengeneza Lango la Jaa, lile la kutolea taka! Na mtaona jambo linalorudi tena na tena: huyu alijenga mbele ya nyumba yake, na yule mbele ya nyumba yake. Ukuta wa Yerusalemu ukakamilika kwa siku 52.

Ukuta wetu sisi ni barabara. Tumekuwa jiji tangu mwaka 2005, na sensa ya 2022 ilitukuta tunakaribia watu laki nne. Asubuhi tunamiminika kutoka Makorora, Mabawa, Duga na Chumbageni, tunakatiza Ngamiani kwenye mitaa yetu inayoitwa kwa namba, kila mtu na riziki yake. Ikifika masika, wimbo ni ule ule: shimo limemwangusha wa bodaboda, dimbwi limemrushia tope mwanafunzi, baiskeli ya muuza samaki imevunjika rimu. Tunalaani, tunanung'unika, jua linawaka, tunasahau. Ndugu zangu, huku kusahau ndiko ninakokuhubiria leo. Tubuni!

Nehemia, kiongozi wa kazi ile, alipofika Yerusalemu hakuanza na hotuba. Alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta, akatazama palipobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto. Baada ya kujionea ndipo akasema na watu. Mpango wa matengenezo ya barabara huanza vivyo hivyo. Mhandisi hupita barabara moja baada ya nyingine na kuandika hali yake, kisha kila moja hupangiwa dawa yake. Kuna matengenezo ya kawaida: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kuziba viraka. Kuna ya sehemu korofi, pale pachache panapoharibu safari nzima. Kuna ya muda maalumu, kama kuweka tabaka jipya juu ya lami iliyochoka kabla haijafa. Na kuna ya makalavati na madaraja. Hayo ya kwanza ndiyo rahisi kuliko yote, na ndiyo tunayoyadharau kuliko yote.

Kazi hii kwenye mitaa yetu ni ya TARURA, wakala ulioanza Julai 2017 kushika barabara zilizokuwa chini ya halmashauri. Nchi nzima unabeba zaidi ya kilometa 144,000, na za lami hazifiki hata asilimia 5. Nani atamwambia mhandisi kwamba kalavati la nyuma ya msikiti limeziba tangu mwaka jana? Nani atamwambia kwamba shimo la mbele ya shule lilikuwa ufa tu wakati wa Pasaka? Ni wewe unayepita hapo kila siku!

Na lini utamwambia? Sikieni hili, maana hapa ndipo tunapopotea kila mwaka. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Bunge la bajeti huketi Aprili. Kwa hiyo mwezi huo wa Aprili, wewe ukiwa umekunja suruali hadi magotini, viatu mkononi, unaitukana barabara, makadirio ya mwaka unaokuja yameshapandishwa Dodoma. Unapiga hodi nyumba imeshafungwa. Mapendekezo huandaliwa miezi ya kabla ya hapo, kati ya Novemba na Februari, na sehemu kubwa ya muda huo kaskazi inavuma, mtaro umekauka, barabara inapitika, nasi tumelala usingizi. Amkeni kaskazi! Mwenye kutaka barabara ya masika aiombe kaskazi.

Sasa fedha. Nehemia aliomba barua kwa mfalme Artashasta ili apewe miti kutoka msitu wa mfalme, na akapewa. Wapo watakaosema: basi na sisi tungoje miti ya mfalme. Ndugu yangu, msitu huu umeupanda wewe! Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, unajazwa kwa tozo iliyomo ndani ya kila lita ya petroli na dizeli. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita, mahususi kwa barabara za mijini na vijijini. Piga hesabu. Kijana wa bodaboda akichoma lita tatu kwa siku, nyongeza hiyo peke yake ni shilingi 300. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ametoa shilingi 90,000. Naye abiria humlipia katika nauli, na mama ntilie huilipa katika bei ya gunia la mkaa lililoletwa na fuso. Hakuna aliyeokoka na tozo hii, hata asiyemiliki gurudumu moja. Umeshalipa! Kwa nini basi unasimama mbele ya barabara yako kama ombaomba? Aliyelipa huuliza. Uliza mtaa wetu umetengewa kilometa ngapi mwaka huu. Uliza mkandarasi ni nani, anaanza lini, anamaliza lini.

Msidanganywe na utepe. Barabara mpya hukatiwa utepe, hupigiwa ngoma, hupigwa picha. Mtaro uliozibuliwa haukatiwi utepe, wala hakuna aliyechaguliwa kwa sababu ya kiraka. Ndiyo maana mioyo yetu hukimbilia jipya na kuliacha lililopo life. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitazama barabara za nchi 85 zinazoendelea, ikakuta kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea, wakati matengenezo ya wakati wake ya dola zisizofika bilioni 12 yangeziokoa. Sisi wa Tanga tulipata lami mpya kupitia mradi wa miji ya kimkakati, pamoja na Mtwara, Kigoma, Mbeya na wengine, kwa mkopo wa Benki hiyo hiyo. Mkopo hulipwa. Ole wetu wajukuu wakija kulilipia deni la barabara ambayo sisi tumeiacha ikafa!

Na muuaji wa barabara tunamjua. Ni maji. Lami ikipasuka, maji hupenya mpaka kwenye kifusi cha chini, kifusi hulainika, gari la kwanza hubonyeza, la pili huchimba. Wenye magari makubwa nanyi sikieni: wahandisi wamepima, na uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka takriban mara 16. Ile "trip" ya mchanga uliojazwa kupita kiasi hadi uchochoroni umeipata kwa bei poa. Bei iliyobaki inalipwa na mtaa mzima.

Haya, nenda sasa hivi kwenye mtaro wa mbele ya nyumba yako. Inama, tazama. Ni chupa za maji, ni vifuu vya dafu, ni maganda ya mihogo, ni kiroba cha taka kilichotupwa usiku wa mvua ili mvua ikichukue. Mvua ilikichukua kweli, ikakipeleka kwenye mdomo wa kalavati la jirani, na maji yakapanda juu ya lami. Pembeni utaona kidaraja cha kuingilia uani, umekijenga mwenyewe, bomba chini yake jembamba, maji yamekwama. Na pale lami imekatwa kupitisha bomba, ikafukiwa kwa udongo mtupu, bila kibali na bila haya. TARURA haikufanya hayo. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa na Mtume kwamba kuondoa la kudhuru njiani ni tawi la imani. Sisi wa Nehemia tuone aibu kufanya kazi kama ya Malkiya wa Lango la Jaa? Katika sura hiyo hiyo wamo wakubwa wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao kazini. Miaka elfu mbili na zaidi imepita, na bado tunasoma kwamba walikataa.

Mafundi wakija, tokeni nje mtazame. Kiraka cha haki hukatwa kingo zake zikawa wima, vumbi na maji vikaondolewa, kikapakwa lami nyepesi ili kishike, kikajazwa na kushindiliwa sawasawa. Ukiona koleo la lami linatupwa juu ya maji na kupigwa kwa mgongo wa koleo, usinyamaze! Mwite mwenyekiti wa mtaa, mpigie diwani, andika tarehe. Fedha hiyo ni ya bodaboda, ni ya mama ntilie, ni yako.

Basi nawaagiza. Jumamosi hii kila nyumba izibue mtaro wake, kuanzia kwa mwenye ghorofa. Kabla ya Novemba kila mtaa ukague barabara zake kwa miguu na kuandika sehemu korofi, moja, mbili, tatu, kwa mpangilio wa ubaya wake. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, jazeni viti. Orodha hiyo isomwe, iingie kwenye muhtasari, ibebwe na diwani hadi kwa mhandisi. Na bajeti ikishapitishwa, rudini mkaulize kimeingia kipi na kimeachwa kipi, na kwa nini. Mwaka ujao fanyeni tena, na mwaka wa pili yake tena, maana barabara haitengenezwi mara moja ikaisha.

Inukeni, mjenge! Kila mtu mbele ya nyumba yake.