Nani Atarithi Mwiko wa Halua?

Maduka ya halua hayafi kwa kukosa wateja. Toka Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba, Idi ikikaribia foleni hufika nje ya mlango. Harusi haikamiliki bila sinia la halua. Maulidi yakisomwa, watu hutazamia kisahani na kikombe cha kahawa chungu. Na anayejiandaa kurudi Muscat au London huulizwa kwanza kama sanduku lake lina nafasi ya kilo mbili tatu. Hata hivyo maduka haya hufungwa. Baba hufungua duka, watoto hulistawisha, na wajukuu mara nyingi hukuta kibao cha zamani tu ukutani, chini yake pakiuzwa makava ya simu.

Kwa miaka mingi nimesikia lawama zikitupiwa vijana: hawataki kazi ya jasho, wanataka ofisi yenye kiyoyozi. Siamini kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa. Wako vijana waliokoroga halua tangu wana miaka kumi na kitu, wakaipenda, na bado duka likawafia mikononi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Halua huanza na vitu vya kawaida: sukari, maji, wanga na samli. Wanga huchanganywa na maji na kuchujwa, sukari huchemshwa, kisha vyote hukutana katika karai pana juu ya moto, na hapo mwiko hauna ruhusa ya kusimama. Ukisimama, wanga hushika chini na karai zima linanuka kuungua. Samli hutiwa kidogo kidogo. Iliki, kungumanga na zafarani hupewa zamu yao, na lozi au korosho kwa anayetaka. Kazi huchukua saa mbili na zaidi, joto likimpiga mpishi usoni, na saa ya ukutani haimwambii kitu. Anajua halua imeiva kwa uzito wa mwiko, kwa donge linavyoachana na karai, kwa samli inavyojitokeza pembeni. Ujuzi huu mtu haupati kwa kuelezwa. Husimama karibu na mpishi miaka, akimpokea mwiko anapochoka, mpaka mkono wake mwenyewe uelewe.

Ndiyo maana biashara hii imekaa ndani ya familia, hapa kwetu na kule Oman vilevile, ambako miji kama Nizwa na Barka ina sifa ya halua na baba humwachia mwana karai. Familia ina kijana wa kukoroga, mama wa kupima na kufunga, binti wa kupokea oda na kukumbuka nani kalipa na nani bado. Hakuna anayedai saa za ziada. Mwanzoni hii ni neema kubwa, maana duka changa lisingeweza kulipa mishahara ya watu watano. Linasimama kwa jasho ambalo halikuandikwa popote. Na hapo hapo, katika jasho lisiloandikwa, ndipo mtihani wa baadaye unapojificha.

Mtaani kwetu Unguja lilikuwepo duka la aina hiyo. Lilianza na karai moja uani, likapata dirisha la kuuzia, kisha chumba cha mbele chenye kaunta ya kioo, kisha oda za harusi za Dar es Salaam zilizopelekwa kwa boti ya asubuhi. Mzee mwenye duka alikuwa mkali wa mizani. Aliona bora aongeze kipande kuliko mteja kwenda kupima kwingine na kukuta pungufu. Alipofariki, mwanawe mkubwa alikuwa ameumalizia ujana wake jikoni, mdogo alikuwa na ajira serikalini, na mabinti walikuwa wameolewa. Matangani walilia pamoja. Ugomvi ulianza baada ya arobaini. Mkubwa akasema duka ni jasho lake. Mdogo akasema duka ni la baba. Mabinti wakauliza: na sisi tuliofunga halua usiku kucha kila kuamkia Idi, letu liko wapi? Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kusema alichosema. Duka likauzwa, pesa zikagawiwa, na baada ya hapo salamu zikawa za msibani tu.

Hebu tufanye hesabu. Kwa mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu, hutolewa kwanza gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki huwa mafungu 8: mke fungu 1, kila mwana wa kiume mafungu 2, kila binti fungu 1. Hesabu inakamilika bila kubaki hata senti, na mjane na mabinti wanapata haki ambayo ndugu wenye tamaa wangewanyima. Sheria haina kosa hapa. Kigumu ni kwamba duka halikai katika mafungu 8. Karai halikatwi, jina la duka halikatwi, na mkono wa mpishi haumo kabisa katika orodha ya mali. Warithi wanabaki na njia mbili: wauze wagawane fedha, au mmoja aendelee kupika huku wengine wakisubiri haki yao mwaka hadi mwaka, na kila kilo inayouzwa ikiwaongezea uchungu.

Na yule mwana aliyekoroga miaka yote? Mshahara uliokubaliwa na haukulipwa ni deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa. Lakini kama hapakuwa na makubaliano, jasho lake linahesabiwa wema aliomfanyia babake. Wema una malipo yake kwa Mungu. Mbele ya kadhi hauna ushahidi.

Dawa ipo, na haihitaji utajiri. Mwenye duka, angali hai na mwenye nguvu, anaweza kulisajili kuwa kampuni: Tanzania Bara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na Zanzibar kwa mwenzake, BPRA. Tangu siku hiyo karai ni la kampuni, jina ni la kampuni, na kitakachorithiwa ni hisa. Hisa hugawika mafungu 8, hata 80, na moto usizimwe. Anayekoroga analipwa mshahara kwa kukoroga, na mwisho wa mwaka anapata gawio sawa na fungu lake. Binti aliyeolewa Mombasa anapata gawio lake bila kugusa mwiko, na hana sababu ya kumwonea kaka yake kijicho, wala kaka kumwona dada mnyonyaji. Malipo ya kazi na malipo ya umiliki yametengana, na ndugu wamebaki ndugu.

Wenzetu waliodumu walishughulika na maandishi mapema. Japani kuna duka la vitamutamu liitwalo Toraya, la ukoo wa Kurokawa, maarufu kwa vitamutamu vya maharage mekundu. Lilianza kuhudumia kasri ya mfalme huko Kyoto mwishoni mwa karne ya 16. Mwaka 1805 mkuu wa kizazi cha 9 aliziandika upya kanuni za nyumba: usafi wa jiko, namna ya kumpokea mteja, mwenendo wa wafanyakazi. Mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869, duka lilimfuata huko bila kufunga lile la Kyoto, na mwaka 1980 lilifungua milango Paris. Kupika vizuri kuliwaletea wateja. Kuvuka vizazi kumehitaji pia kanuni ambazo mwana anazikuta zimeandikwa, hata kama baba hayupo wa kumweleza. Nasi wahenga walitwambia: mali bila daftari huisha bila habari. Tumeugeuza msemo huo pambo la kanga, daftari lenyewe hatuna.

Kanuni zilizoandikwa zinalinda pia utamu wenyewe. Mapema mwaka 2024 mvua kubwa zilivuruga uzalishaji wa viwanda vya sukari Tanzania, na bei ya kilo ikapanda ghafla. Kwa muuza halua hilo ni pigo la moja kwa moja, kwa kuwa sukari ndiyo karai lenyewe. Siku kama hizo shetani humnong'oneza mwenye duka: punguza samli ya ng'ombe, tia mafuta ya mgando; zafarani ghali, tia rangi. Baba mwenye msimamo atakataa. Lakini duka likishakuwa na tawi la pili na la tatu, baba hayupo kwenye kila karai. Kama kipimo kiko kichwani mwake tu, kila tawi litapika halua yake, na mteja aliyesafiri kutoka Chake Chake kufuata jina atakula kitu kingine chini ya jina hilo hilo.

Hapo pia ndipo familia nyingi hukwama: zinaogopa kumfundisha mtu wa nje. Eti ataiba siri. Siri gani? Viungo vya halua kila mtu anavijua. Kinachotofautisha duka na duka ni kutokukubali kupunguza, na hilo haliibwi, linafundishwa. Duka linalosubiri mtoto wa damu azaliwe na kipaji cha mwiko linacheza bahati nasibu. Mpwa, jirani, au kijana aliyekuja kuomba kazi ya kuosha masufuria anaweza kuwa mpishi bora kuliko wana wote wa nyumba. Apewe mwiko, apewe na mshahara unaomfanya asitamani kuondoka.

Najua jibu la wazee wetu. Kuzungumza urithi mbele ya baba aliye hai ni uchuro, na kuandikiana ndugu kwa ndugu ni kukosa kuaminiana. Nawaheshimu, lakini hapa siwafuati. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaagiza waumini waandikiane deni na waweke mashahidi, na waliopewa agizo hilo walikuwa watu wanaoaminiana. Maandishi hayakuletwa kwa ajili ya wezi peke yao. Yanawafaa pia watu wema, ambao kesho mmoja wao atasahau, au atakufa, na kuwaachia mkewe na watoto wake maneno yasiyo na shahidi.

Basi mzee wangu mwenye duka, iwe la halua, la mikate au la visheti, usingoje maradhi. Waite watoto wote, wa kiume na wa kike, pamoja na mama yao. Taja mbele yao nani anafanya kazi gani na analipwa nini. Andika vipimo, sajili jina, mkabidhi mwiko anayeuweza hata kama si mwanao. Nawe kijana uliyeko nje ya jiko, usisubiri tanga lianuliwe ndiyo uulize fungu lako. Uliza leo, kwa adabu, baba akiwepo wa kujibu.