Mzigo wa Askari Mzee

Wako wazee kati yetu waliovuka mto Kagera katika vita vya 1978 na 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia nchini mwetu, wakaendelea hata Kampala ikatwaliwa mwezi wa Aprili 1979. Sasa hupalilia migomba na kufuga mbuzi kama jirani zao. Lakini mtoto akimwuliza mmoja wao, "Babu, uliua watu wangapi?" mzee hunyamaza, akashika tena jembe lake.

Twauliza: damu iliyomwagwa kwa amri ni juu ya nani? Wengine husema, ni juu ya aliyeamuru. Wengine, juu ya mkono uliotenda. Sisi twaona ya kuwa wamemsahau mtu wa tatu, naye ndiye aliyelala salama nyumbani kwake. Vita vile vilikuwa vya kuilinda nchi, na faida yake tumeila sote. Yawezekanaje basi uchungu wake uwe wa mmoja?

Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tusimkumbuke tu tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kisha tukamwacha peke yake usiku. Tukae naye. Akinena, tusikilize, akinyamaza, tusimhimize. Huko nako ni kuchukua sehemu yetu ya mzigo.