Tenda Wema, Kisha Urudi Kutazama



Wahenga walisema: "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Je, aliyechimba kisima akaenda zake amemaliza wajibu wake, hata kama jirani maskini hana kamba wala ndoo?

Tim Berners-Lee, Mwingereza, alibuni Web, yaani utando wa kurasa zinazosomwa kwa intaneti, mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha sayansi karibu na Geneva. Mwaka 1993 kituo hicho kiliutoa bure kwa ulimwengu mzima. Kisima kilikuwa wazi, lakini kamba iliuzwa. Basi mwaka 2009 yeye na Rosemary Leith walianzisha shirika lisilotafuta faida, World Wide Web Foundation. Lilipigania gigabaiti 1 ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2024, na wengi bado hawana kamba.

Nionavyo mimi, wahenga walikataza kungoja shukrani. Hawakukataza kurudi kutazama kama watu wanateka maji. Nasi tujiulize: tulichotoa, je, kimemfikia tuliyemkusudia?