Msafiri na Mizani Yake

Watu wetu husema: Tembea uone. Maneno haya ni ya kweli, lakini yana sharti ambalo wengi hulisahau. Macho kila mtu anayo, wala si kila aliyetembea ameona. Yuko aliyezunguka nchi nyingi akarejea na akili ile ile aliyotoka nayo, ila mizigo imezidi. Basi suala tutakalolitazama hapa ni hili: Msafiri afikapo mahali asipopajua, ana haki gani ya kupahukumu?

Ndugu msomaji, hapana msafiri atokaye kwao mikono mitupu. Hata asiye na sanduku huchukua mizani, nayo ni desturi za mji wake. Kwa mizani hiyo hupima chakula cha watu, mavazi yao, maamkizi yao na majumba yao. Kilicho kama cha kwao hukiita chema, na kisichokuwa hivyo hukiita upungufu. Naye husahau kwamba wenyeji, wakati huo huo, wampima kwa mizani yao.

Tutwae mfano wa msafiri mashuhuri, Ibn Battuta. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akikusudia Hija, na mwaka 1331 akafika pwani yetu. Mombasa alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea hata Kilwa. Lakini usiku ule mmoja alitazama vyema. Ameeleza kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nje. Kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao, kwa ufundi mzuri. Na kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na visima na chombo cha mti cha kutekea maji, ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia, kwani walitembea bila viatu. Mwenyeji asingeliona haja ya kuyaandika hayo. Nani aandikaye khabari ya kisima anachokipita mara tano kila siku? Hii ndiyo fadhila ya mgeni: huyaona yale ambayo mazoea yamewafumba wenyeji macho.

Lakini msafiri huyo huyo alifika Mali mwaka 1352, baada ya kuwa kadhi huko Delhi na kuzoea zawadi nono za mfalme wake. Alipoambiwa kwamba zawadi ya Mansa Sulayman imekuja, aliinuka akidhani ni mavazi ya heshima na mali. Kumbe ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka. Hata hivyo hakuyaficha mema ya nchi ile: kwamba dhulma ni haba, kwamba msafiri na mkaazi hawaogopi mwizi, na kwamba watu wana bidii kubwa ya kuhifadhi Qurani. Na aliyoyachukia pia akayataja. Lau angaliandika kile kicheko peke yake, leo tungelijua tumbo la Ibn Battuta, tusingeliijua Mali.

Nami nakumbuka safari moja ya bara, upande wa Ziwa. Tulikaribishwa ugali na samaki. Mwenzetu mmoja, mtu wa pwani, akanong'ona kwamba nyumba isiyo na wali wala nazi haina ukarimu. Ulipoingia usiku, mzee mwenye nyumba alituachia kitanda chake, yeye akalala chini juu ya mkeka. Tuliporejea mjini, mwenzetu alisimulia khabari ya ugali. Khabari ya kitanda hakuisimulia. Je, alisema uongo? Hakusema uongo hata neno moja, na juu ya hivyo amewadhulumu watu wale mbele ya wasiowajua. Kwani khabari ya msafiri ni ushahidi, na anayeshuhudiwa yuko mbali, hawezi kujibu.

Huenda mtu akauliza: Je, msafiri anyamaze aonapo ovu? La, hasha. Dhulma ni dhulma, pwani na bara. Lakini ovu ni kitu kimoja, na geni ni kitu kingine. Kumnyima yatima haki yake ni ovu popote. Kula mtama badala ya mchele ni jambo geni tu, na ugeni wake uko machoni mwa mtazamaji.

Tena tukumbuke kwamba sheria yetu imemruhusu msafiri kufupisha sala na kuakhirisha saumu, na aliyekatikiwa njiani ikamtia katika mafungu manane ya wapewao Zaka. Yote haya yaonyesha kwamba msafiri ni dhaifu, tena ni mhitaji. Basi mwenye kuhitaji atakuwaje na kiburi juu ya anayemhitaji?

Kwa hivyo asafiriye na akae kitako, aulize, ale alichopewa, wala asihukumu mji kabla hajaufahamu. Na akirejea kwao, asimulie la kitanda pamoja na la ugali. Nasi tukaao katika miji ya bandari, tunaopitiwa na wageni kila uchao, tujue kwamba huenda yuko atuandikaye kwa kutuona usiku mmoja. Tumtakie mizani ya haki, kama tunavyopaswa kuwa nayo sisi tukienda kwao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.