Picha haikuongeza kitu, je, imesema kweli?

Nilikwenda Mamba, Mpimbwe, mkoani Katavi, kwa arusi ya jamaa yangu, na siku iliyobaki nikaomba nipelekwe kwenye maporomoko ya maji. Sisi watu wa mjini tuna maradhi haya: kitu hatujakiona mpaka tukipige picha. Kijana mmoja wa pale akakubali kuniongoza.

Ulikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kimekaza. Tukakifuata kijito kuelekea juu msituni kwa muda wa saa mbili, tukiruka mawe na kuvuka maji ambayo mahali pengine hayakufika vifundoni. Viatu vyangu vya arusini vilikuwa adhabu tosha. Tulipofika nikakuta uzi wa maji unashuka kwenye mwamba. Upande wa kulia kulikuwa na visiki vibichi na tanuri la mkaa lililokwisha kufukuliwa. Chini kidogo, mfereji umechepusha sehemu ya maji kwenda kwenye bustani ya vitunguu.

Nikasogea kushoto mpaka visiki vikatoka kwenye picha. Nikachuchumaa ili jiwe lizibe mfereji. Kisha nikaliacha jicho la kamera wazi kwa sekunde kadhaa, na ule uzi ukawa pazia jeupe la hariri. Kijana akatazama kioo cha kamera, akaniuliza, "Mzee, hapa ni wapi?" Hakuwa akitania.

Je, nilikuwa nimesema uwongo? Masheikh wamejadiliana sana kuhusu picha za viumbe wenye roho. Maporomoko hayana roho, nami kwa hilo nikajiona salama. Lakini njiani kurudi nikaikumbuka ile hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono ndani ya chungu ya nafaka na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji yule hakuchanganya mchanga. Nafaka ilikuwa nafaka, na mvua ilikuwa imeinyeshea kweli. Aliulizwa tu kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio.

Mtu atasema, kila picha ina kingo, na lazima kuna kitu kitabaki nje. Kweli. Ningeacha nje viatu vyangu vilivyopasuka, nani angedhulumiwa? Lakini visiki na mfereji ndiyo habari yenyewe ya maji yale.

Tazama Hifadhi ya Taifa ya Katavi, jirani ya hapo, yenye kilometa za mraba 4,471. Inajulikana duniani kwa picha za mamia ya viboko waliobanana kwenye dimbwi la tope, na picha hizo husifiwa kama maajabu ya maumbile. Kiangazi huwabana, naam, lakini si kiangazi peke yake. Mwaka 2010 watafiti walichapisha maelezo ya jinsi Mto Katuma unavyopungukiwa kwa sababu maji yake huchepushwa kwa ajili ya umwagiliaji kabla hayajafika hifadhini. Mtazamaji anadhani viboko wako karamuni, kumbe wako kwenye foleni ya maji.

Basi nikaona dawa ni rahisi: nirudi nyuma hatua ishirini nipige picha pana, yenye kila kitu. Nikageuka, tukapanda tena, nikaipiga. Hapo ndipo kijana aliponiambia, kwa sauti ya chini, kuwa bustani ile ni ya mama yake.

Sikuwa na jibu. Picha ya kwanza ilimficha mama yule. Ya pili inamshitaki. Atakayeitazama mjini ataona mtu anayeua maporomoko, hataona ada ya shule inayotoka kwenye vitunguu, wala hatajiuliza mkaa ule ulichomwa ili upike chakula cha nani. Ukweli wote ulikuwa ndani ya kamera, na bado haukutosha.

Ile ya kwanza niliitundika sebuleni, wageni wakaisifu kwa miezi miwili, kisha nikaiteremsha. Ya pili sijaisafisha mpaka leo. Nilimwomba kijana amuulize mama yake kama ataridhia watu waione. Akacheka, akasema mama atataka kwanza kujua wanaoitazama wananunua vitunguu kwa bei gani.