Na Nyumbani Atabaki Nani?



Kila mara mama anapotajwa kwa kazi ya uongozi kanisani, swali moja hutangulia mengine yote: "Na nyumbani je, atabaki nani?" Si swali baya. Watoto ni amana ya Mungu, wala hatuwezi kujenga kanisa kwa kubomoa nyumba. Lakini mbona baba hatumwulizi?

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo habari za sifa za askofu, alitaka awe mtu anayeisimamia vema nyumba yake na watoto wake. Hapo alikuwa akinena juu ya mwanamume. Basi swali la nyumbani liliulizwa kwanza kwa baba. Sisi ndio tuliolihamisha, tukamtwika mmoja mzigo wa wawili.

Maandiko nayo hayakuona ajabu mama kuongoza. Debora, mkewe Lapidothi, aliamua mashauri ya Israeli chini ya mtende, na Baraka hakukubali kwenda vitani pasipo yeye. Katika Kanisa Anglikana la Kenya, mwaka 2021 Emily Onyango aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huo huo Rose Okeno akawa askofu wa Butere. Mlango umefunguliwa.

Hata hivyo tunalo la kuungama. Mama akienda mkutanoni na baba akabaki na gazeti lake, kazi ya nyumbani haipotei. Maji yatatekwa, mtoto mchanga ataogeshwa. Mara nyingi afanyaye hayo ni binti wa miaka kumi na miwili aliyeliacha daftari lake, au msichana wa kazi ambaye mshahara wake hucheleweshwa na Jumapili hapewi nafasi ya kuja ibadani. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Je, ni haki uongozi wa mama mmoja ununuliwe kwa utoto wa binti mwingine? Na sisi wazee tusimnyoshee mama kidole: miaka yote tumeketi katika halmashauri kwa sababu kulikuwa na mtu jikoni.

Basi tusiliache swali lile, bali tuliulize kwa haki, kwa baba na kwa mama, kabla ya kumpa yeyote kazi. Mikutano yetu imalizike kabla ya giza. Msichana wa kazi alipwe kwa wakati na apewe siku yake ya kupumzika. Binti asome. Na baba asione haya kushika sufuria. Bwana wetu alijifunga kitambaa akawatawadha wanafunzi wake miguu, wala hakupungukiwa na ubwana wake. Sisi tutapungukiwa na nini?

Mungu azibariki nyumba zetu. Amina.