Deni la Lugha

Kila mwaka, mvua za kwanza zikaribiapo, vijana wetu hupanda basi alfajiri hapa Sumbawanga, wakaelekea vyuo vya Mbeya, Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Wazazi wao huko Laela, Matai, Namanyere na bondeni Mtowisa wameuza mahindi na maharage, pengine na ng'ombe, ili safari hiyo iwezekane. Kijana afika, aandikishwa, aingia darasani. Na miongoni mwa masomo ya kwanza limo lile liitwalo Stadi za Mawasiliano, yaani jinsi ya kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema Kiingereza kama impasavyo mtu wa chuo. Baada ya majuma machache mwalimu anung'unika: "Hawa wamepitaje hata kufika hapa?" Naye kijana anyamaza, kwa kuwa swali lenyewe limeulizwa kwa lugha asiyoweza kuijibia.

Yafaa tulichukue swali la mwalimu huyo kwa uzito, maana ni swali la haki. Kijana aletwapo mbele ya kipimo ambacho hakuandaliwa, mwenye deni ni nani?

Mtoto wa Ufipa huanza maisha kwa Kifipa. Shuleni akuta Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Akiisha kukizoea, hata aweza kuuliza na kubishana kwacho, aingia kidato cha kwanza; na ghafula hesabu, jiografia na elimu ya viumbe zote zageuka Kiingereza, lugha aliyoionja kwa vipindi vichache tu. Wala hili si siri. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilishauri Kiswahili kiendelee hata sekondari. Serikali ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha ile. Hata hivyo hawakushauri iachwe, bali itiwe nguvu. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuona, katika miaka ya 1970, ya kuwa hakina budi kuwafundisha wanafunzi wake namna ya kutumia Kiingereza cha masomo. Basi wakubwa wamejua kwa muda wa nusu karne. Ajuaye ya kuwa daraja limevunjika, akanyamaza, hawezi kumlaumu aliyetumbukia mtoni.

Walimu wa chuo kwa kawaida hushika mojawapo ya njia mbili, nami naona zote mbili zina kasoro. Wa kwanza humhurumia kijana, akampa alama asizostahili. Huruma hiyo ni uongo uliovaa nguo nzuri. Cheti ni ushuhuda: chawaambia watu wa mbali, wasiomjua mwenye nacho, ya kuwa mtu huyu aweza kazi hii. Mganga atakayesoma karatasi ya dawa asiielewe vema, akampa mgonjwa kipimo kisicho chake, je, alihurumiwa nani siku ile? Wa pili hushika kipimo kwa mkono mgumu: asiyeweza na arudi kwao. Huyu angalau hasemi uongo. Lakini haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, nacho chuo kilichompokea kijana na karo yake kimekwisha kukiri ya kuwa mafundisho ni yake. Kama hakikutaka kumfundisha, kingemkataa mlangoni, kabla ng'ombe hajauzwa.

Mimi mwenyewe nalipitia huko. Katika mwaka wa kwanza wa seminari kuu tuliagizwa kuandika insha kwa Kiingereza juu ya kuwako kwa vitu. Niliona haya kwa Kiingereza changu, nikachukua kurasa mbili za kitabu, nikageuza neno hapa na pale. Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu. Jioni, mwanafunzi mmoja aliyenitangulia darasa aliniambia, "Ndugu yangu, hebu nieleze kwa Kiswahili ulichoandika." Sikuweza sentensi moja. Hakunicheka. Tangu siku ile, baada ya chakula cha usiku, alinitaka nimweleze somo kwa Kiswahili kwanza, kisha niandike sentensi tatu za Kiingereza, tatu tu, lakini ziwe zangu. Zilikuwa mbovu. Mwisho wa mwaka zilikuwa kurasa tatu, bado na makosa, wala sikuzikopa kwa mtu. Naona aibu hata leo nikumbukapo sifa zile za kwanza, kuliko alama ndogo nilizopata baadaye.

Kwa hiyo siwezi kumwondolea mwanafunzi kila deni. Anayenunua insha kwa mwenziwe, au kuinakili, akisingizia udhaifu wa shule aliyotoka, ajinyima kile kile alichonyimwa kwanza. Maskini aliyeibiwa hawi na ruhusa ya kujiibia.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Waliyeyusha mawe katika tanuru refu kuliko mtu, ilungu, ambalo upepo wenyewe uliliwasha bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa bado jembe. Kilikuwa bonge lenye takataka nyingi. Walilipeleka katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi mpaka chuma kikatakata. Mhunzi hakulitupa bonge, wala hakulipeleka sokoni likiitwa jembe.

Wengine watasema dawa ni kubadili lugha ya kufundishia tangu sekondari. Pengine wana haki, nami naelekea huko. Lakini kijana aliyekwisha kukaa kwenye benchi hawezi kungoja sera. Yeye ahitaji kintengwe sasa: aandike kidogo kila juma, asomewe na mtu, arudishiwe, aandike tena, asome kwa sauti, aruhusiwe kulishika wazo kwa Kiswahili kabla ya kulivika Kiingereza, wala asidhaniwe mjinga kwa sababu hiyo. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kazi hiyo, hata akiwa mtakatifu. Atawasomea maelezo, watayanakili, watayakariri, basi. Hapo suala la haki lageuka suala la fedha: ni lazima waajiriwe wa pili na wa tatu. Wakuu wa vyuo wakisema fungu halitoshi, na watazame daftari la karo. Mtoto wa mkulima wa Mtowisa katika darasa hilo hulipa sawasawa na yule aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni, na nusu ya alichokilipia chapita juu ya kichwa chake.